Nilivyokwenda Ushongo Kuujaribu Uzee

Mmekuwa mkiniuliza, nje ya kanisa na hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga, ilikuwaje Mwalimu Damasi akaondoka Nguvumali amekaa wima juu ya baiskeli mpya, akarudi amelala juu ya nazi. Nimechoka kuisimulia vipande vipande, maana kila anayeisikia anaongeza chumvi, na juzi nimesikia kwamba nilizama. Sikuzama. Maji ya kuzama sikuyafikia. Ilikuwa hivi.

Nilistaafu ukuu wa shule nikiwa na miaka sitini kamili. Walimu wenzangu walinipa baiskeli yenye gia kumi na nane, wakapiga makofi, wakarudi madarasani. Mimi nikarudi nyumbani, nikaanza kuisimamia nyumba. Mke wangu, Mama Tekla, ni fundi cherehani. Barazani kwake hawakosekani wanawake watatu wanne wanaosubiri magauni, na kazi hiyo ameifanya miaka yote niliyokuwa nikifundisha. Wiki ya kwanza nilimwandalia ratiba. Wiki ya pili niliwapanga wateja wake kwenye benchi, mrefu nyuma, mfupi mbele. Wiki ya tatu nilimwambia anapoteza kitambaa kwenye ukataji. Aliweka mkasi mezani, akaniuliza kama sina mahali pa kwenda.

Nilikuwa napo. Mwalimu mwenzangu wa zamani, ambaye siku hizi anakaa Dar es Salaam kwa mwanawe, ana kijumba Ushongo, ng'ambo ya Pangani, hatua chache kutoka ufukweni. Alisema tunaweza kuhamia tuishi humo, mradi tukitunze. Nusu yenu nilikuwa nimeshawatangazia kwamba tunahama, tunakwenda kula samaki na kupumua. Mama Tekla nilimtangazia mwisho.

Hakugomba. Alisema, "Baba Tekla, nenda kwanza peke yako. Kaa wiki nzima. Ukirudi ukiniambia bado unapataka, nitafunga cherehani yangu tuhame. Sitakuuliza swali la pili."

Nilifurahi mno. Sikuona kwamba mwanamke huyu amechukua uzee wake wote, ameuweka mikononi mwangu, niende nao Ushongo nikauamulie. Niliona tu kwamba nimeshinda.

Nguvumali hadi Pongwe

Ningeweza kupanda basi. Lakini nilikuwa nimeshatamka mbele za watu kwamba basi ni la wenye haraka na mstaafu hana haraka, na mimi neno nikilitamka mbele za watu huwa sirudi nyuma hata liniumize. Basi nikafunga mizigo kwenye baiskeli: nguo, redio, kofia ya pama, na juu ya vyote kiti cha plastiki, chekundu, cha kukalia nikitazama bahari.

Gia kumi na nane ni nyingi kwa mtu ambaye hajui hata moja. Nilianza na ile iliyokuwepo na nikabaki nayo. Kila kilima kidogo nilishuka nikasukuma, na kila nikishuka mtu alinisimamisha. Si kwa kunihurumia. Kwa ajili ya kiti.

"Mzee, shikamoo. Viti unauza vipi?"

"Marahaba. Siuzi. Hiki ni changu."

Mama mmoja karibu na Pongwe alitaka sita. Nilipomweleza kwamba ninacho hicho kimoja na ni cha kukalia, alinitazama kwa masikitiko. "Sasa baba, unakipeleka wapi kiti? Huko unakokwenda watu wanasimama?"

Nilimjibu kwamba nakwenda kupumzika. Akasema, "Mbona unahema hivyo?" Nikakaza kamba za kiti, nikasukuma. Nililala Pongwe kwa shemeji yangu, dada yake Mama Tekla, ambaye alinipikia mseto wa choroko, akanikanda miguu kwa maji ya moto na chumvi, na hakuniuliza lolote kuhusu kuhama. Nilidhani hajui. Kumbe alijua kila kitu, ndiyo maana alinyamaza.

Pongwe hadi Muheza, kupitia msiba wa watu

Siku ya pili niliondoka kwa kujiamini, nikiwa nimegundua gia moja nyepesi. Nilikuwa sijafika Muheza nilipokuta watu wengi wamejaa kwenye uwanja wa nyumba kando ya barabara, turubai limefungwa. Nikashuka, nikavua kofia, nikawa napita taratibu kwa heshima kama ipasavyo. Wanaume wawili wakaja mbio, wakanipokea baiskeli.

"Karibu mzee, pole na safari. Afadhali umekuja na kiti, vimetuishia."

Kiti kikafunguliwa kamba, kikapelekwa mbele, akakalishwa mzee mmoja mkubwa kuliko mimi. Mimi nikaonyeshwa mkeka. Sasa niambieni, mtu mzima anasemaje hapo? "Naomba kiti changu, simjui marehemu"? Nikakaa. Nikapewa pole, nikatoa pole. Jirani yangu mkekani akaniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Nikasema, "Sote ni ndugu," na hapo hapo akaanza kunisimulia jinsi ndugu wa upande wetu tulivyochelewa kuja kumwona akiwa mgonjwa. Alinisema vibaya sana. Nikaomba radhi kwa niaba ya ukoo nisioujua.

Tukala pilau, tukaenda kuzika, tukarudi, tukanywa kahawa. Yule mzee hakuinuka kwenye kiti mpaka alasiri. Niliingia Muheza jioni nimeshiba, nimenunua machungwa mengi kuliko niwezavyo kubeba, nikalala nyumba ya wageni nikijiambia kwamba safari inakwenda vizuri.

Muheza hadi Pangani

Kipande hiki sitakielezea sana kwa sababu kinahusu sehemu ya mwili ambayo wazee hatuitaji. Tandiko la ile baiskeli limetengenezwa na mtu asiyetupenda. Nilitembea kwa miguu zaidi ya nusu ya njia.

Njia hiyo inapita kwenye mashamba ya mkonge, safu ndefu zilizonyooka mpaka macho yanachoka. Nilizaliwa kwenye kambi ya shamba la namna hiyo. Baba yangu alikuja kutoka Tabora kukata mkonge kwa mkataba, akasema atarudi kwao, hakurudi. Hakustaafu pia. Alikata mpaka wiki aliyokufa. Nilisimama pale na kofia yangu ya pama na kiti changu chekundu nikajaribu kufikiria ningemweleza nini kama angetokea katikati ya mkonge na panga lake na kuniuliza nakwenda wapi. Nikaona niendelee kusukuma.

Kivukoni

Pangani nilifika kwenye kivuko nikiwa nimejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Mpakia mizigo mmoja, bonge la mtu, aliniuliza kabila langu kwa jinsi alivyoniona nabishana naye kuhusu kiti. Nilipomwambia mimi Mnyamwezi, alirusha mikono juu.

"Jamani! Njooni muone! Babu yake alipita hapa na pembe za ndovu kichwani, na huyu kaja na kiti! Nyie Wanyamwezi mtaacha lini kubeba mizigo?"

Kivuko kizima kikacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, kwa sababu nilijua hapo hapo kwamba yule ni Mzigua, na Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Anaweza kunitukana atakavyo nami nikamrudishia, na hakuna wa kununa. Nilimwambia kwamba babu yake yeye wakati huo alikuwa amejificha uvunguni. Akanibebea baiskeli mpaka ng'ambo. Tulipoagana akanipigia kelele, "Ushongo huko wamejaa watani zako! Watakunyoosha!"

Nilikwenda na maneno hayo nikiwa na raha. Shuleni miaka mingi hakuna aliyethubutu kunitania. Nilijiona nimefika kwa watu wangu.

Ushongo

Ufunguo wa kijumba alikuwa nao jirani, Mzee Faki, fundi wa kushona na kuezeka makuti, mtu wa miaka sabini hivi, mwembamba, mkavu. Nilimkuta amekaa chini kwenye mkeka na rundo la makuti. Nikaamkia, akaitika. Akaitazama baiskeli, akakitazama kiti, akanitazama mimi.

"Ntu mzima weye, wapanda baiskeli toka Tanga na kiti mgongoni. Kwenu hakuna wa kukushika?"

Nikajiambia: Mtani huyo! "Na wewe," nikamjibu kwa furaha, "meno yameisha, nywele zimeisha, unangoja nini hufi nikuzike?"

Hakucheka. Alinipa ufunguo. Nikasema moyoni, huyu ni mtani hodari, wale wasiocheka ndio mabingwa.

Lazima niseme na hili. Mimi niliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne nilimsikia akisema "miye" na "weye", nikaamua kwamba hicho ndicho Kimtang'ata, lahaja ya wazee wa pwani ile. Nilikuwa hata na mpango wa kumwandikia msamiati.

Siku ya kwanza niliweka kiti ufukweni, nikakaa nitazame bahari. Miguu ya kiti ikazama mchangani, mmoja ukakatika, nikaanguka chali mbele ya wanawake waliokuwa wakingoja samaki. Ikawa mwisho wa kiti. Nilipika wali, ukaungua. Siku ya pili nikapika tena, ukawa uji. Mzee Faki aliona moshi, akaniletea muhogo wa nazi na kipande cha pweza. "Hujui kupika, hujui kukaa," akasema. "Mkeo kakufundisha nini miaka yote?" Nikamjibu kwamba hata yeye akipika, paka wanahama mji. Akaondoka.

Bahari ni nzuri, sibishi. Lakini ukishaitazama mpaka saa tatu asubuhi, kunabaki siku nzima. Hakuna aliyeniita mwalimu. Mchana wa siku ya tatu nilikwenda mnadani samaki waliposhushwa, nikaona wanawake wamesongamana kwenye ndoo kila mmoja akisema lake. Nikawapanga foleni. Niliwapanga kweli, kwa mikono, nikawaambia wasizungumze. Walinitii kwa mshangao kwa muda wa kama dakika mbili, kisha wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mnada ukaendelea nami nimesimama katikati nimeinua mkono.

Jioni Mzee Faki alikuwa ameshasikia. "Weye hukuja kupumzika," akaniambia akishona. "Umekuja kutafuta watu wa kuwatawala. Kazi umeistaafu, ukubwa bado."

Nikacheka mpaka machozi. Nikaona mtani huyu ana akili.

Mama Tekla sikumpigia simu hata mara moja. Kila usiku niliishika simu, nikaiweka. Nilijua ataniuliza nimekula nini, nami singeweza kusema uongo wala kusema kweli. Nikaona nikinyamaza ndiyo nimejikaza.

Siku ya tano nilikwenda kukaa kwa Mzee Faki baada ya sala ya alasiri, kwa sababu sikuwa na kwingine. Aliniuliza kama mke wangu anataka kuja kuishi hapa. Nikasema alisema atakuja.

"Sikukuuliza hivo."

Nikajua nimebanwa, na mtu aliyebanwa na mtani hujitoa kwa utani. Nikamwambia kile ambacho kwetu watani huambiana siku zote, kwa sababu mtani ndiye hushuka kaburini na kuzuia maziko mpaka apewe chake: "Wewe Faki, siku ukifa nitalala humo kaburini mwako, sitoki mpaka wanao waniletee jogoo na kanga mbili za mkeo!"

Aliweka chini kuti alilokuwa akishona. Akalinyoosha kwa kiganja.

"Kanga za mke wangu nimeshazigawa," akasema. "Ramadhani ilopita."

Sikuelewa haraka. Kisha nikaelewa: kanga za mtu hugawiwa akishafariki. "Mtani wangu, nisamehe," nikasema, "sikujua."

"Mtani? Miye si mtani wako. Miye Mpemba, n'metoka Wete."

"Si Mzigua?"

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nilikaa pale nikirudi nyuma siku zote tano: meno, nywele, paka, hufi nikuzike. Nilimwambia hayo mgane, tena mzee kwangu, mtu aliyekuwa akinilisha. Nimeona aibu nyingi maishani, nyingine nimezijazia fomu, lakini sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini hakunifukuza.

"N'lidhani kichwa chako hakimo," akasema. "Ntu kastaafu, kaja na kiti, anatukana wazee, anapanga wanawake foleni. Nikasema maskini, na nimpelekee chakula."

"Na yale uliyokuwa ukiniambia mimi?"

"Yale? N'likuwa nakwambia kweli."

Kisha akanisimulia kwa maneno machache. Alikuja Ushongo kuezeka nyumba za wageni, akamleta mkewe, Bi Rukia, kwa mwaka mmoja. Kila mwaka Bi Rukia alimuuliza, Faki, twarudi lini, naye akamjibu mwakani. Hakugombana naye. Hapa hakuwa na dada wala shoga wa kumsuka nywele, akawa anajisuka mwenyewe, mikono ikichoka anaacha upande mmoja. Sasa amelala nyuma ya minazi ile.

"Sasa n'naweza kurudi," Mzee Faki alisema. "Kazi imekwisha. Lakini n'tamwacha na nani?"

Hakulia. Nililia mimi. Nililia mbele yake bila hata kujificha, na alisubiri nimalize, kisha akanisogezea rundo la makuti na kunionyesha jinsi ya kukunja. Siku mbili zilizobaki nilizimalizia hapo mkekani. Nilishona vibaya sana. Kila nililomaliza alilitazama, akasema, "Fumua," nami nikafumua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuambiwa hivyo na mtu tangu chuo cha ualimu, na sikupatwa na chochote.

Juu ya nazi

Kurudi sikupanda baiskeli. Pangani nilipata lori la nazi linalokwenda Tanga kwa njia ya pwani, baiskeli ikatupwa juu na mimi nikapandishwa nyuma yake. Nazi ni ngumu kuliko tandiko. Tulipofika Kigombe gurudumu lilipasuka, tukakaa mpaka siku ya pili tukingoja jingine. Dereva alininunulia mkate wa kumimina na chai ya rangi, akaniuliza nilikuwa nafanya nini Ushongo. Nikamwambia nilikwenda kujaribu uzee. "Ukakufaa?" akauliza. Nikamwambia mwenye jibu yuko Nguvumali.

Nilikuwa na muda wa kutosha kutunga hotuba. Ilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho. Nilikusudia kumwambia Mama Tekla kwamba nimetafakari kwa kina na nimeamua tubaki. Tulipopita Tongoni nililirudia neno "nimeamua" kwa sauti, nikalichukia. Nilikuwa naenda kumwamulia tena, safari hii kwa upole.

Barazani

Niliingia nyumbani mchana, siku nne baada ya siku aliyonitazamia. Barazani hapakuwa na mteja hata mmoja. Benchi limeinuliwa likaegemezwa ukutani. Cherehani ilikuwa chini, imefungwa ndani ya blanketi letu la harusi na kuzungushwa kamba, na pembeni yake maboksi mawili na ule mkasi umezungushiwa kitambaa. Mama Tekla alikuwa amekaa juu ya boksi moja, amevaa gauni lake la safari.

Niliuliza swali la kijinga. "Unakwenda wapi?"

"Hukupiga simu hata mara moja," akasema. "Nikajua umepapenda. Wateja nimewapeleka kwa Mama Rehema. Nilikuwa nangoja gari, nikufuate."

Alisema bila hasira. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyekwisha kulia siku zilizopita na kumaliza. Wiki nzima mimi najikaza kwa kiburi changu, yeye huku alikuwa akiyafunga maisha yake kwa kamba.

Hotuba ilinitoka kichwani yote, utangulizi, kiini na hitimisho. Nikachuchumaa mbele yake, magoti yakalia kama mlango mbovu.

"Mama Tekla," nikasema, "wewe unataka kuishi wapi?"

Alinigeukia.

"Hebu rudia," akasema.

Nikarudia.

"Hapa," akasema. Akafunika uso kwa mikono yote miwili. "Hapa, Damasi. Siku zote nilitaka hapa."

Nikaanza kufungua kamba.